Mnyama Aliyeitwa Ambargo

Mafuta yamekosekana tena mjini. Juzi nilipita mahali watu walipopanga bidoni zao kando ya barabara, na mama mmoja alikuwa akimimina petroli kutoka kwenye bidoni kubwa kuingia kwenye chupa ya bia, polepole, kama mtu anayempa mtoto dawa. Matone machache yakaanguka kwenye vumbi. Harufu ilipanda, kali na tamu, nami nikasimama pale bila kujua ninangoja nini. Ninyi wenzangu mliokulia Bujumbura katika miaka ile mtanielewa. Harufu hiyo ilikaa ndani ya nyumba zetu, chini ya vitanda tulikoficha bidoni, pamoja na viatu vyetu vya Idi.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimepokea jibu la mchapishaji. Alisema ninaandika vizuri, ila hakuelewa kwa nini ninahangaika na mito inayotembea na miji iliyo ndani ya mawe, ilhali nimeishi katika vita ya kweli. Tuandikie hayo, alisema. Si wa kwanza kuniambia hivyo. Wa kwanza alikuwa mwalimu wangu wa shule ya msingi, na kisa chenyewe kilianzia kwenye harufu hiyo hiyo.

Tulikaa mtaa wa Buyenzi. Baba alikuwa fundi magari, na gereji yake ilikuwa mbele ya nyumba: kipande cha ardhi kilicholowa oili mpaka kikawa cheusi na laini kama ngozi. Tangu asubuhi mtaa mzima ulikuwa unalia nyundo. Usiku tulisikia milio mingine kutoka milimani, tukavuta shuka, lakini mchana ulikuwa wa nyundo. Kisha nyundo zikapungua. Magari yalikuja yakisukumwa, baadaye hayakuja kabisa, na Baba akawa anakaa juu ya injini iliyopinduliwa, akifuta spana ambazo zilikuwa safi tayari.

Ndipo nilipoanza kulisikia jina.

"Ambargo imemaliza mafuta," wakubwa walisema. "Ambargo imezuia dawa." "Kamyo zote zimekamatwa na Ambargo, kule mupakani." Jirani alikuja kuomba chumvi, na Mama akafungua mikono yake mitupu: "Chumvi? Ambargo imekula, dada."

Hakuna aliyenieleza Ambargo ni nani, nami sikuuliza. Katika siku zile mtoto alijifunza mapema kwamba majina mengine hayaulizwi. Basi nikamtengeneza mwenyewe, kwa kufuata ushahidi. Vitu vyetu vilikuwa vinakuja kwa kuvuka ziwa au kwa kulizunguka, kwa hiyo makao yake ni ziwani. Anakunywa petroli, kwa hiyo tumbo lake ni kama tangi. Anapenda chumvi, kwa hiyo ni wa ukoo wa ng'ombe. Anachukua dawa, maana yake ni mgonjwa. Na kwa kuwa vitabu vya shule pia havikufika mwaka ule, nilijua kwamba anasoma. Hilo ndilo lililonifanya nisimchukie kabisa.

Gerejini kulikuwa na gari jeupe lisilo na magurudumu. Mwenyewe alikuwa amekimbilia Uvira, upande wa Kongo, na hakurudi kulichukua. Watoto wa mtaa tulilifanya nyumba yetu ya mchana. Mimi nilikaa penye usukani kwa kuwa gereji ilikuwa ya baba yangu, wengine wakajibana nyuma hadi madirishani, na humo ndani, kwenye viti vilivyonuka jua na vumbi, nilimwanzisha Ambargo. Niliwaeleza jinsi anavyolala na bomba la mafuta mdomoni. Niliwaeleza macho yake, ambayo ni taa za kamyo alizozimeza zikiwa bado zinawaka.

Zena alikaa kiti cha mbele, pembeni yangu. Ua wa nyumba yao na yetu ulikuwa mmoja, mabati yenye kutu, na tulikuwa tunapeana maembe mabichi kupitia tundu. Baba yake alikuwa dereva wa kamyo, lori la kwenda Dar es Salaam. Mipaka ilipofungwa yeye alikuwa ng'ambo, na ng'ambo akabaki.

"Na mashofere?" Zena aliuliza siku moja. "Anawakula?"

Nilimtazama, nikaona jinsi alivyokamata kitasa cha mlango.

"Apana," nikasema. "Anawameza tu. Awafi. Wanakaa mu tumbo na makamyo yao, wanapika chai. Mule mu tumbo kuko na joto, awatafuti kuni."

"Baba yangu iko mbele ao nyuma?"

"Iko mbele. Karibu na meno. Siku Ambargo akipiga mwayo, yeye njo atatoka wa kwanza."

Zena akaachia kitasa. Siku zile sikujua kwamba kitu nilichokifanya kina jina. Nilijua tu kwamba nilisema neno, na mkono wa mtu ukalegea.

Shule yetu ilikuwa upande wa Nyakabiga. Mwalimu wetu, Madamu, alikaa mbali, Musaga, na kwa kuwa basi zilikuwa hazitembei alikuja kwa miguu, akiwa na kandambili miguuni na viatu vya kisigino mkononi. Mlangoni mwa darasa alifuta vumbi kwa kitambaa, akavaa viatu, akanyooka, na tangu dakika ile alikuwa mtu mwingine asiye na mzaha. Alitupa redaksyoni, yaani insha, ya Kifaransa: elezeni safari mliyofanya. Mimi sikuwa nimesafiri popote. Barabara za kwenda mikoani zilikuwa zinaviziwa. Nikaandika safari ya ndani ya Ambargo, kuanzia kwenye ulimi hadi tumboni kwa madereva, kwa Kifaransa changu chembamba kilichojaa mashimo.

Madamu aliisoma mbele ya darasa. Alianza kwa sauti ya kudhihaki, na watoto wakacheka kwa wakati wake. Lakini alipofika kwenye birika la chai linalochemka kwa joto la tumbo, na madereva wanaoulizana kama huko nje ni mchana au usiku, sauti ilisahau kudhihaki. Alisoma taratibu. Kisha kama aliyejikwaa, akaikunja karatasi.

"Sifuri," alisema. "Redaksyoni ni mambo uliyoyaona kwa macho."

Mvulana wa nyuma akanyoosha kidole. "Madamu, wanatoka?"

"Kaa chini."

Wakati wa mapumziko walinizunguka wote, hata wale wakubwa wa darasa la sita, wanataka kujua kama wanatoka. Nilirudi nyumbani na sifuri na wasomaji, vyote siku moja. Tangu hapo mara chache nimepata kimoja bila kingine.

Mama aliitazama ile karatasi jioni, tukichagua maharagwe. "Mutoto wangu Hawa, ungeandika safari ya kwenda kwa bibi yako Rumonge."

"Sijaenda Rumonge, Mama. Barabara imefungwa."

"Ungeandika ulienda."

"Na iyo si uongo?"

Mama aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yakawa yanatikisika kwa kicheko. Baba alisema kutoka mlangoni kwamba mtoto huyu ana kichwa cha karani na ulimi wa dalali, Mungu atusaidie.

Wazo la chumvi lilikuwa la Zena. Alinijia siku hatukuwa na shule mchana, ngumi yake imefumbata kitu, na ndani ya ngumi kulikuwa na kipande cha mfuko wa plastiki na ndani ya plastiki chumvi ya mawe, ile ya rangi ya moshi. Mama Zena alikuwa ameificha kwenye kopo juu ya kabati.

"We ulisema ni kama ng'ombe," alisema. "Ng'ombe akilamba chumvi anafungua mudomo."

Sikuwa na la kupinga. Nilikuwa nimeyasema mwenyewe, na nilikuwa nayaamini kama Zena alivyoyaamini, labda zaidi, kwa kuwa mimi ndiye niliyefanya utafiti. Tukaenda.

Tulipita nyuma ya maghala, tukavuka reli za zamani zisizo na treni, tukafuata majani marefu yaliyotukata miguuni. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na milima ya Kongo ilionekana karibu sana, ya buluu iliyokoza, kana kwamba mtu ameisogeza usiku. Ziwa lilikuwa limetulia. Tulisimama kwenye matope laini ya ukingoni, na kutoka mbele yetu, ndani ya matete, kitu kikakoroma. Sauti nene, ya tumboni, ndefu. Leo najua ni kiboko. Siku ile Zena alikamata kifundo cha mkono wangu, na mimi, nakumbuka vizuri, sikuogopa. Nilifurahi. Nilikuwa nimesema yupo, na yupo.

"Mugiye he?"

Askari alikuwa nyuma yetu, kijana mrefu, bunduki begani, kipande cha muhogo uliochemshwa mkononi. Tulipokosa jibu la Kirundi alibadili. "Nauliza munaenda wapi? Apa si pa watoto. Kuko viboko."

Zena alinyoosha mkono wenye chumvi. "Tumemuletea Ambargo. Afungue mudomo, baba yangu atoke."

Askari alitutazama mmoja mmoja. Kisha alikaa juu ya gogo, akacheka bila sauti, akacheka hadi akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Alipomaliza hakuwa anacheka tena. Alisema Ambargo leo amelala, tusimwamshe. Akaomba aonje ile chumvi, aone kama ni nzuri. Akachovya muhogo wake, akatafuna amefumba macho, akachovya tena.

"Siku mingi sijakula muhogo wenye chumvi," alisema. Akafunga kile kiplastiki kwa uangalifu, akamrudishia Zena kilichobaki. "Mupelekee mama yako. Na apa musirudi."

Alitusindikiza mpaka barabarani. Tulitembea hadi tukapita maghala. Ndipo Zena akaninong'oneza, macho yamemtoka: "Hawa, umeona? Ambargo anavaa buti."

Nilimwonea wivu hapo hapo. Lilikuwa wazo zuri kuliko yangu yote. Nilikuwa nimekaa wiki nzima natengeneza macho ya taa na tumbo la tangi, na yeye, kwa kutazama tu, amepata buti.

Alilirudia gerejini. Baba alikuwa na wanaume wawili ambao sikuwafahamu, wamekuja kuulizia kipuri. Zena aliingia akikimbia na kusema kwa sauti ya ushindi: "Baba Hawa, tumemuona Ambargo! Anavaa buti na iko na bunduki, amekula chumvi yetu!"

Spana ikamtoka Baba mkononi. Wale wanaume wakatazamana. Mmoja akatabasamu kidogo, tabasamu ambalo halikufika popote, na mwingine akasema watarudi kesho. Baba aliwasindikiza mpaka wakaishilia kwenye kona. Kisha alitukamata mabega, akatuingiza ndani, akafunga mlango na dirisha, na nyumba ikawa na giza mchana kweupe.

"Neno ilo lisitoke tena apa," alisema. Sijawahi kumsikia akisema taratibu vile. "Munasikia? Kuna watu wamepotea juu ya neno dogo kuliko ilo. Nani amewaambia Ambargo ni mutu?"

Zena alinielekezea kidole, bila ubaya, kama mtu anayetaja aliyemfundisha.

Baba alikaa kitandani. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kwa kidole, akatafuta pa kuanzia. Akatuambia Ambargo si mtu na si mnyama. Ni wakubwa wa nchi za jirani, wamekaa mezani, wamekubaliana kufunga mipaka, ili wakubwa wa hapa waelewane na vita iishe. Ni makubaliano. Ni karatasi.

"Na wakubwa wa apa," nikauliza, "wamekosa chumvi?"

Baba alikikunja kitambaa.

"Apana," alisema.

Wale wanaume hawakurudi, si kesho wala siku nyingine, lakini Baba alilala na nguo zake kwa muda mrefu. Sisi watoto tulisahau hofu haraka kuliko wakubwa. Kilichonikaa mimi ni kitu kingine. Nilijiona nimeibiwa. Nilikuwa na mnyama mkubwa kuliko bandari, mgonjwa, msomaji wa vitabu, na badala yake nimepewa meza na karatasi. Watoto walikuja kwenye gari jeupe wakanikuta nimekaa kiti cha nyuma. Waliniomba, wakanibembeleza, mmoja akanipa nusu ya andazi. Sikusema kitu. Niliona kwamba yote niliyowaambia yalikuwa makosa, kama hesabu iliyokosewa, na mtu mwenye akili haendelei na hesabu iliyokosewa. Redaksyoni iliyofuata niliandika jinsi Mama anavyopika maharagwe. Madamu alinipa alama nzuri. Aliporudisha karatasi alisimama kidogo mezani kwangu, kana kwamba anataka kuuliza kitu, kisha akapita.

Walikuwepo waliokoma kunifuata, wakapata michezo mingine. Zena hakuniuliza chochote. Alikuwa anakuja tu, anakaa.

Kisha mipaka ikafunguliwa. Vita haikuwa imeisha, lakini chumvi ilirudi, na sabuni, na harufu ya petroli ikahama kutoka chini ya vitanda ikarudi barabarani. Nyundo zikaanza tena mtaani kwetu. Makamyo yalikuja yamejaa vumbi la Tanzania, na kila honi iliposikika Zena alitoka mbio hadi kwenye kona, akiwa na sabuni usoni, akiwa na kijiko mdomoni, kwa namna yoyote honi ilivyomkuta. Alirudi akitembea.

Siku moja alikuja dereva mwenzake na baba yake. Mama Zena alimtandikia mkeka, akampa chai. Yule mtu alizungumza kwa sauti ya chini, lakini mabati hayana siri, na mimi na Mama tulikuwa tunaanika nguo upande wa pili. Alisema mwenzake ni mzima. Alisema yuko Kigoma, ana nyumba huko. Akanywa chai, akasema nyumba ina mama, na kuna mtoto mdogo ameanza kutembea. Mama aliacha shati langu linaning'inia kwa kibanio kimoja. Tulimsikia Mama Zena akimshukuru mgeni kwa kuja. Baadaye, kupitia tundu la mabati, nilimwona ameinama uani, anaosha kile kikombe. Alikiosha kwa majivu, akakisuuza, akakiosha tena, na Zena alikuwa amesimama mlangoni anamtazama.

Siku iliyofuata maji yalikatika, na watu wakapanga ndoo kwenye robine, bomba la mtaa, kungoja yarudi. Nilimkuta Zena kwenye foleni, amekaa juu ya ndoo aliyoipindua. Nikapindua yangu, nikakaa karibu naye. Jua lilikuwa kali. Wanawake nyuma yetu walikuwa wanazungumza mambo ya arusi.

"Endelea," Zena alisema.

Nilijua anataka nini. "Ambargo akuna, Zena. Baba alisema ni karatasi."

"Najua."

"Na baba yako..." Sikujua jinsi ya kuimaliza.

"Najua. Iyo ya kweli mi naijua yote," alisema, akitazama bomba kavu. "Kila mutu iko naisema. We niambie ile ingine."

Nilikaa nikafikiri. Safari hii hakukuwa na ushahidi wa kufuata. Hapakuwa na mnyama ziwani wala mtu wa kuniamini, naye Zena alikuwa hataki kuamini. Alikuwa anataka tu iwepo. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya askari. Nikafungua mdomo, nikaanza na barabara.

Nikamwambia kuna barabara iliyochoka. Miaka mingi imekanyagwa na makamyo, imepigwa na mvua, imechimbwa na watu wenye bunduki. Basi siku moja barabara ikajinyanyua pale ilipolala, ikajikung'uta mawe, ikaenda kutafuta mahali pengine pa kulala. Na juu yake kulikuwa na kamyo moja tu, linaendeshwa na baba yake.

"Anaendesha mbio?" Zena aliuliza.

"Mbio sana."

"Apana. Baba yangu aendeshi mbio. Anaimba, anaendesha polepole."

"Anaimba, anaendesha polepole," nikasema. "Na kila akifika mahali kona ya kwetu inapaswa kuwa, barabara imekwisha kuigeuza kona, imeipeleka mbele. Anakata kulia, anaona nyota. Anakata kushoto, anaona maji. Lakini azimi taa."

Zena alifumba macho. Nyuma yetu, mmoja wa wale wanawake wa arusi alisogeza ndoo yake karibu. Nikaipandisha barabara mlimani, nikaiteremsha, nikaipitisha kwenye mji uliojengwa ndani ya jiwe, ambako watu walitoka na taa kumwonyesha njia. Bomba likakohoa, likatema kutu, kisha maji yakatoka.

"Nyinyi watoto!" mwanamke wa mwisho wa foleni alipiga kelele. "Maji imekuja! Simameni basi!"

Zena hakufumbua macho. Aliinua mkono mmoja, kama polisi anayesimamisha magari.

"Ngoja kwanza, mama," alisema. "Baba yangu iko mu kona."